Kupokewa Katika Nyumba ya Sayansi

Katikati ya miaka ya 1950, katika mji mdogo wa Lurgan huko Ireland ya Kaskazini, wanafunzi wa darasa moja waliambiwa kwamba alasiri ile wavulana waende chumba kimoja na wasichana chumba kingine. Msichana mmoja, Jocelyn Bell, alidhani wanagawanywa kwa ajili ya michezo. Haikuwa michezo. Wavulana walipelekwa maabara kufundishwa sayansi, na wasichana wakapelekwa jikoni kufundishwa mapishi. Msichana huyo aliporudi nyumbani aliwaeleza wazazi wake, nao wakakasirika, wakaiendea shule kulalamika. Wazazi wa wasichana wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Kipindi cha sayansi kilichofuata kilikuwa na wavulana wote, na wasichana watatu.

Nimeanza na habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba msichana yule ndiye aliyekuja kugundua, mwaka 1967, aina ya nyota ambayo hakuna mwanadamu aliyekuwa ameijua kabla yake. Ya pili ni kwamba ukurasa huu ni wa wazazi, na wazazi wale walifanya kazi ambayo hakuna waziri wala profesa angeifanya kwa niaba yao: waliufungua mlango. Lakini leo, msomaji, sipendi tuzungumze sana juu ya mlango. Habari ya mlango tumeizungumza miaka mingi. Napenda tuzungumze juu ya yale yanayomkuta mtu baada ya kuingia ndani, hasa katika ngazi ile ya juu ya elimu ya sayansi, yaani shahada za uzamili na uzamivu, ambako wanasayansi wenyewe ndiko wanakotengenezwa. Je, yule aliyeingia huhesabiwa kuwa mwenyeji, au hubaki mgeni mpaka anapochoka na kuondoka?

Jocelyn Bell alipofika Chuo Kikuu cha Glasgow kusomea fizikia, alijikuta katika miaka ya mwisho ni mwanamke peke yake katika darasa la watu 50 hivi. Ilikuwa desturi ya wanafunzi wa kiume wa chuo kile kwamba mwanamke anapoingia katika ukumbi wa mihadhara, wapige mbinja, wakanyage sakafu kwa vishindo na kugonga meza. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alijifunza kuuzuia uso wake usiive kwa haya, maana alipoonyesha aibu kelele zilizidi. Hakuna aliyemgusa, na ndiyo maana watu wazima huweza kuliita jambo kama hilo utani wa vijana. Lakini mtu anayeitumia nusu ya akili yake kuutunza uso wake, amebakiwa na nusu tu ya kusikilizia somo; na mtihani hauna alama za nusu ile nyingine.

Mwaka 1965 alikwenda Cambridge kwa masomo ya uzamivu. Huko hakupigiwa mbinja. Yaliyomkuta yalikuwa ya kimyakimya zaidi. Aliwaona wenzake wamejaa kujiamini, wakizungumza kama watu waliozaliwa humo, naye akiwa ametoka mbali, ana lafudhi ya kwao, akaanza kuamini kwamba wakubwa wa chuo walimkubali kwa makosa, na kwamba siku moja watalitambua kosa lao na kumfukuza. Akafanya uamuzi wa ajabu: mpaka itakapofika siku hiyo ya kufukuzwa, atafanya kazi kwa bidii yake yote, ili watakapomtoa asiwe na la kujilaumu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kukaa kitini. Yeye na wenzake wachache walijenga kwa mikono yao darubini ya redio, isiyofanana hata kidogo na darubini ya kutazamia kwa jicho. Ilikuwa shamba la zaidi ya ekari 4 lililosimikwa nguzo zaidi ya 1,000, na kufungwa waya na kebo za urefu wa maili 120 hivi. Miaka miwili ilipita katika kazi hiyo, na Jocelyn Bell alitumia nyundo kubwa kama wengine. Chombo kilipoanza kufanya kazi mwaka 1967, yeye ndiye aliyekabidhiwa kukitunza na kuyasoma maandishi yake: karatasi ndefu iliyochorwa mstari kwa kalamu ya mashine, karibu futi 100 kila siku, nayo ilisomwa kwa macho, inchi kwa inchi. Siku moja aliona mchafuko mdogo wa wino, usiozidi robo inchi katika futi 400 za karatasi. Haukufanana na nyota zilizojulikana, wala haukufanana na kelele za mitambo ya binadamu. Mwingine angeupita. Yeye hakuupita. Alipoufuatilia, ikaonekana mwezi Novemba kwamba ulikuwa mapigo yanayokuja kwa kipimo kile kile, pigo moja kila sekunde moja na theluthi, bila kukosea. Msimamizi wake, Antony Hewish, hapo kwanza alidhani ni kitu kilichofanywa na watu. Baadaye wataalamu walikubaliana kwamba ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, mabaki madogo yenye uzito mno, yanayozunguka upesi na kurusha mwali wa redio kama mnara wa taa unavyowamulika mabaharia. Siku hizi huitwa palsa.

Sasa, mwenyewe amesema wazi kwamba aliuona ule mchafuko kwa sababu ya hofu yake. Mtu anayengoja kufukuzwa hukagua kila kitu mara mbili. Nimewasikia watu wakiyashika maneno hayo na kuyageuza kuwa hoja: basi, wanasema, hofu ni mwalimu mzuri, tusiwalegezee hawa vijana. Mimi siikubali hoja hiyo. Yeye alibaki, nasi tunayo hadithi yake. Waliokuwa na hofu kama yake wakafunga mizigo mwaka wa pili hawakutuachia hadithi yoyote, wala hatujui ni alama gani ndogo katika karatasi zao zilizopita bila kuonwa na mtu. Kumsifu aliyenusurika si sawa na kuusifu moto.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani maana yake ni kumchosha mgeni aondoke. Lakini jembe lina maana nyingine pia: aliyepewa jembe amehesabiwa katika watu wa nyumba, na atakuwa na sehemu katika mavuno. Jocelyn Bell alipewa jembe siku ya kwanza. Swali ni habari ya mavuno. Taarifa ya ugunduzi ilipotolewa katika jarida la Nature mwezi Februari 1968, waandishi wa magazeti walifika Cambridge. Hewish waliulizwa maana ya nyota hizo. Yeye akaulizwa kama ni mrefu kuliko Bibi Margaret, ndugu wa Malkia, na ana marafiki wa kiume wangapi. Siku zile zile alikuwa amechumbiwa, akawa anavaa pete. Amesimulia kwamba watu walimpongeza kwa pete, na hakuna aliyempongeza kwa nyota. Katika tasnifu yake, ambayo mada yake ilikuwa imekwisha pangwa, palsa ziliwekwa katika nyongeza mwishoni. Na mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilipotolewa kwa ajili ya kazi za elimu ya nyota, ukiwamo ugunduzi huo, ilikwenda kwa Hewish na Martin Ryle. Mwenyewe hakulalamika, alisema kwamba msimamizi ndiye anayebeba lawama mradi unaposhindwa, na kwamba si kawaida mwanafunzi kupewa tuzo kubwa namna hiyo. Ni jibu la kiungwana. Si lazima sisi wengine tuwe waungwana kiasi hicho.

Baada ya kuolewa alimfuata mumewe kila alikohamishwa kikazi, akiomba nafasi yoyote iliyopatikana karibu, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya nusu siku huku akimlea mtoto wao. Kina mama wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka 50 baada ya ugunduzi, mwaka 2018, alipewa tuzo maalumu inayoitwa Breakthrough, yenye fedha dola milioni 3. Hakujibakizia hata senti. Alizikabidhi zote kwa Taasisi ya Fizikia ya Uingereza, ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuwa rais wake, na mwaka 2019 ukazinduliwa mfuko wa kuwasomesha uzamivu wa fizikia watu wa makundi ambayo ni machache katika fani hiyo: wanawake, watu wa rangi na asili zilizo chache nchini humo, wakimbizi, walemavu, na waliotoka katika jamaa maskini. Hoja yake si ya huruma. Anasema kwamba mtu aliyetoka pembeni huleta macho yasiyozoea, na macho yasiyozoea huona lile ambalo wenyeji wamekwisha kulipita. Alikuwa na ushahidi wa robo inchi mkononi.

Fedha ni jambo kubwa, lakini fedha nazo ni mlango. Hapa hatuna budi kueleza kidogo jinsi masomo ya utafiti yalivyo, kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wamekwenda huko na ambao hushangaa kwa nini mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani siku zote, sasa anaandika barua za huzuni. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi yumo katika kundi. Ratiba imebandikwa ukutani, kitabu kinajulikana, mtihani una tarehe. Katika utafiti hupewa msimamizi mmoja, meza moja, na swali ambalo hakuna ajuaye jibu lake. Mengine yote hupita kwa mdomo. Mashine ipi husumbua, mkutano upi ni wa maana, jina la nani huandikwa kwanza juu ya makala, barua ya kumwomba profesa wa chuo kingine huandikwaje, mtu akikwama miezi mitatu aseme au anyamaze: hayo hayakuandikwa popote. Huelezwa wakati wa chai, katika korido, kwenye gari wakirudi kutoka mkutanoni. Asiyeitwa kwenye chai hakuambiwa. Na hakuna aliyekusudia kumnyima. Walikwenda tu na wale waliofanana nao, kama watu wafanyavyo kila mahali.

Mfano wa mahali palipojaribiwa njia nyingine ni mji wa Nashville, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Mji huo una vyuo vikuu viwili vyenye historia za kupishana, na umbali kati yake ni mwendo mfupi. Fisk kilianzishwa mwaka 1866, mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ili kuwasomesha watu waliotoka utumwani na watoto wao. Vanderbilt, kilichoanzishwa mwaka 1873, kilikuwa chuo cha Wazungu, na hakikumpokea mwanafunzi Mweusi mpaka mwaka 1953. Mwaka 1960 kilimfukuza James Lawson, mwanafunzi Mweusi wa elimu ya dini, kwa sababu aliwafundisha vijana kupinga ubaguzi kwa kuketi kwa amani katika mikahawa ya Wazungu. Vyuo hivyo viliishi ujirani wa namna hiyo kwa vizazi.

Mwaka 2004 vilianza mpango wa pamoja, unaofananishwa na daraja. Mwanafunzi huingia Fisk kusoma uzamili wa miaka miwili, katika fizikia au fani nyingine za sayansi, huku akilipiwa masomo na kupewa fedha ya kujikimu. Katika muda huo huo husoma baadhi ya masomo Vanderbilt na kufanya utafiti katika maabara za huko. Atakapoomba kuingia uzamivu, si jina katika karatasi tena. Maprofesa wamekwisha kumwona akikosea na kusahihisha, naye amekwisha kuwajua kwa majina, na anajua chai yao inanywewa wapi.

Waanzilishi wa mpango huo, miongoni mwao Keivan Stassun, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Vanderbilt, waliamua pia jambo lililowashtua wengi. Huko Marekani waombaji wa masomo ya juu walizoea kuchujwa kwa jaribio la GRE, na idara nyingi ziliweka alama ya chini ambayo asiyeifikia barua yake haisomwi. Mwaka 2014 Stassun na mwenzake Casey Miller waliandika katika Nature, jarida lile lile lililotangaza palsa, kwamba alama hizo huwapunguza mno wanawake na watu wa makundi machache, na ni kipimo dhaifu cha nani atakuja kuwa mtafiti mzuri. Badala yake mpango wa Nashville huwahoji waombaji ana kwa ana: ulipokwama ulifanya nini? Ulimwendea nani? Ulirudi vipi? Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini yanauliza kuhusu kazi yenyewe, kwa kuwa mtafiti hukwama siku nyingi kuliko asizokwama.

Tena hawakuishia kuchagua. Kila mwanafunzi ana zaidi ya msimamizi mmoja, kutoka vyuo vyote viwili, na wako watu ambao kazi yao ni kutazama mapema: nani ameanza kukosa semina, nani alama zimeshuka, nani hajaonekana juma zima. Huitwa kabla hajaanguka. Wanaoingia mwaka mmoja hufanywa kundi, husoma pamoja na kusaidiana. Aliyetoka chuo kidogo ambacho hakikufundisha somo fulani hufundishwa somo hilo waziwazi, bila kufichwa kana kwamba ni aibu. Matokeo yake ni kwamba Fisk, chuo kidogo, kilifikia kuongoza Marekani nzima kwa idadi ya Wamarekani Weusi wanaopata uzamili wa fizikia, na Vanderbilt kikawa miongoni mwa vyuo vya mbele kwa kuwapa watu wa makundi machache uzamivu katika fani hizo. Zaidi ya wanafunzi 100 wamepita katika daraja hilo. Kwa mtu wa biashara 100 ni idadi ndogo. Kwa fani ambayo idara nyingi hazikuwa zimepata hata mmoja, si ndogo.

Ninalolipenda katika mpango huo ni kwamba hauwaombi watu wawe na moyo mwema. Moyo mwema hupatikana siku nyingine na siku nyingine hukosekana. Wao wameweka utaratibu: nani atamwita, lini, na nani atajibu asipoitwa. Idara nyingi duniani hutundika ukutani tangazo zuri la kuwakaribisha watu wote, kisha mkutano wa kila juma huwekwa saa kumi na moja jioni, wakati ambao mama mwenye mtoto mchanga hana budi kuondoka. Au mwanafunzi hutakiwa asafiri kwenda mkutanoni kwa fedha zake, atarudishiwa baada ya miezi miwili. Kwa mwenye baba tajiri hilo ni karatasi tu ya kujaza. Kwa mwingine ni kodi ya nyumba, naye huona haya kusema, akasingizia ugonjwa, na katika daftari la msimamizi ikaandikwa kwamba hana hamu ya kazi.

Iko pia sehemu ya jamaa, nayo singependa tuiruke. Kijana wa utafiti ambaye hakuna hata mmoja kwao aliyepata kusoma hadi huko huwa mgeni mara mbili. Maabara huwa kama anayeingia kwa kubisha hodi, na akirudi nyumbani husikia: utamaliza lini? Mwenzako fulani ana gari. Binti huongezewa la tatu, kwamba umri unakwenda. Wanaouliza hawana nia mbaya. Ndilo swali pekee wanalolijua. Basi ulizeni jingine. Mwulizeni swali lake la utafiti ni lipi, mwacheni alieleze kwa lugha ya nyumbani, hata kama litachukua nusu saa na chai ikapoa. Msimamizi mmoja alipata kuniambia kwamba huwatambua wanafunzi waliokwisha kuelezea kazi yao kwa mama zao, maana wao peke yao huweza kuieleza bila kujificha nyuma ya maneno makubwa.

Na mzazi au mume anayemsindikiza mtu wake kwenda kuanza masomo hayo asione haya kuuliza chuoni. Ni wangapi walianza hapa miaka sita iliyopita, na wangapi wamemaliza? Walioacha waliacha mwaka wa ngapi? Msimamizi akigombana na mwanafunzi, mwanafunzi huenda kwa nani? Akijifungua, fedha yake ya kujikimu huendelea au husimama? Jina lake litaandikwa wapi juu ya kazi aliyoifanya? Ofisi iliyo na majibu huyatoa mara moja, mara nyingi pamoja na karatasi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaizungumza fedha hiyo ya kujikimu yenyewe, na wale walio nyumbani ambao huitegemea bila kusema.